Upendeleo wa akili mnemba hauingii kwa mlango mmoja

Juni 2020 picha moja ya Barack Obama ilizunguka mitandaoni. Ilikuwa imefifishwa hadi ikabaki viraba vya rangi tu, lakini yeyote aliyewahi kumwona rais huyo wa zamani wa Marekani angemtambua. Kando yake iliwekwa sura iliyotengenezwa na PULSE, programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke inayopokea picha yenye ukungu na kutoa sura safi inayoweza kulingana nayo. Sura iliyotoka ilikuwa ya Mzungu.

Yann LeCun, wakati huo mwanasayansi mkuu wa akili mnemba wa Facebook na mmoja wa washindi wa Tuzo ya Turing ya 2018, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, alikieleza kisa hicho kwa ufupi: mfumo hupendelea pale data iliyoufunza inapopendelea. Modeli iliyo ndani ya PULSE, yaani mfumo unaojifunza kutokana na mifano mingi, ilifunzwa kwa picha za Flickr, tovuti ya kuwekea picha, na nyingi kati yake ni za Wazungu. Ifunzeni kwa picha za Senegal, alisema, na kila mtu atatoka Mwafrika. Timnit Gebru, aliyekuwa kiongozi mwenza wa kikosi cha maadili ya akili mnemba cha Google, alimjibu kwamba amechoshwa na maelezo ya aina hiyo, kwa kuwa madhara ya teknolojia hii hayawezi kufinywa yakawa suala la data peke yake. Mashabiki wakajipanga kila upande, na hoja ikamezwa na kelele.

Kauli ya LeCun si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba inaishia njiani. Data haishuki kutoka mbinguni: kuna aliyeiandika, kuna aliyeichuja, kuna aliyeipa alama, kuna aliyeamua mashine itabiri kitu gani, na kuna aliyechagua kipimo cha kusema imefaulu. Kila hatua ina uamuzi wa mtu, na dawa ya hatua moja haitibu nyingine. Ubishi mwingi unaouona kuhusu upendeleo wa akili mnemba ni wa watu wanaozungumzia hatua tofauti huku kila mmoja akidhani mwenzake hajaelewa.

Kilichoandikwa na kisichoandikwa

Tuanze na malighafi. Modeli za lugha, zile zinazotunga maandishi, hufunzwa kwa maandishi yaliyokombwa mtandaoni, na ghala kubwa linalotumiwa na wengi ni Common Crawl, shirika lisilo la faida lililoanzishwa 2007 ambalo huhifadhi nakala za kurasa za wavuti. Zaidi ya asilimia 40 ya kurasa hizo ni za Kiingereza. Kiswahili, pamoja na mamilioni ya wasemaji wake, hakifiki hata asilimia moja. Wasemaji wapo na wanazungumza. Kinachokosekana ni maandishi yao mahali ambapo kompyuta inaweza kuyafikia.

Pengo hili hutokea hata pale ambapo hakuna mtu mwenye nia mbaya. Mei 2018 rasimu ya makala ya Wikipedia kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa kwa sababu vyanzo vilivyotajwa havikutosha kuonyesha kwamba anastahili makala yake. Oktoba 2 mwaka huohuo alitangazwa mshindi wa Nobel ya Fizikia, mwanamke wa tatu kuipata tangu tuzo ianze. Mhariri aliyeikataa rasimu ile alifuata kanuni: Wikipedia hairuhusu makala kusimama bila vyanzo huru vilivyochapishwa. Magazeti hayakuwa yamemwandika Strickland, kwa hiyo Wikipedia haikuwa na cha kusimamia, kwa hiyo modeli yoyote iliyofunzwa kwa Wikipedia ya wakati ule isingemjua. Kanuni nzuri ya kuzuia uzushi iliurithi upofu wa magazeti na kuupitisha mbele. Hadi leo, katika Wikipedia ya Kiingereza, wasifu mmoja hivi kati ya kila mitano ndio unaomhusu mwanamke.

Lugha ndogo zina balaa lake. Agosti 2020 iligunduliwa kwamba maelfu kwa maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani na Kiingereza, ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hakukijua Kiskoti. Alianza akiwa mtoto, na alichofanya kwa sehemu kubwa ni kuchukua Kiingereza na kubadilisha tahajia. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na wasomaji wa kutosha wa kumshika. Katika lugha yenye maandishi mengi, mchango wa mtu kama huyo ungepotea kama tone baharini. Katika lugha yenye maandishi machache, huyo mmoja ndiye anageuka kuwa lugha, kwa jinsi kompyuta inavyoiona.

Utupu huohuo huwavutia wanaojua wanachokitaka. Jina la mahali lisilotafutwa na mtu likivamiwa na habari ya ghafla, au istilahi mpya ikibuniwa, anayewahi kuandika kurasa kadhaa ndiye atakayejitokeza juu katika injini ya kutafutia, kwa sababu hana mshindani. Injini haijampendelea. Haina tu kingine cha kuonyesha.

Nani alisema hii ni "data bora"?

Hatua inayofuata haizungumzwi sana, nami naona ndiyo yenye mengi ya kujifunza. Mtandao umejaa takataka: matangazo, kurasa zilizojirudia, matusi, maandishi yaliyotapikwa na roboti. Haiwezekani kufunza modeli kwa vyote hivyo. Lazima uchuje, na kuchuja ni kusema kipi kina thamani.

OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilipotengeneza modeli ya lugha ya GPT-2 mwaka 2019 ilikuja na njia iliyoonekana ya busara. Badala ya kuajiri watu wakague mtandao mzima, ilichukua kurasa ambazo viungo vyake viliwekwa Reddit, mtandao wa mijadala ambako watumiaji hupigia kura yanayowekwa, na kupata angalau pointi 3 kutoka kwa watumiaji. Kama watu wamekipenda kiungo, bila shaka kina kitu. Zikapatikana hati milioni 8 hivi. Mwaka uliofuata, kwa GPT-3, Common Crawl ilichujwa kwa kifaa kilichofundishwa kutambua maandishi yanayofanana na mikusanyiko iliyoaminika, ukiwamo ule wa Reddit.

Sasa waangalie waliopiga kura zile. Utafiti wa kituo cha Pew wa 2016 uliwakuta watumiaji wa Reddit nchini Marekani kuwa wanaume kwa asilimia 67, na asilimia 64 walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 29. Hakuna aliyekaa mezani akaamua kwamba vijana wa kiume wa Marekani ndio watakaoifundisha mashine maana ya maandishi mazuri. Ilitokea hivyo kwa sababu kubonyeza kitufe cha kupenda ni kipimo cha bei rahisi.

Kisa cha pili kinafanana nacho. Mkusanyiko wa Google uitwao C4, uliotokana na Common Crawl ya Aprili 2019, uliondoa kila ukurasa uliokuwa na neno lolote kutoka katika orodha ya maneno machafu. Nia ilikuwa kuiepusha modeli na ponografia na matusi. Watafiti walipoukagua mkusanyiko huo mwaka 2021 walikuta kwamba mchujo uliondoa kwa kiwango kikubwa zaidi maandishi yanayohusu mashoga na wasagaji, na pia maandishi ya Kiingereza cha Wamarekani Weusi, hata yale yasiyo na uchafu wowote. Orodha ya maneno haisomi sentensi. Ukurasa wa kumsaidia kijana aliyedhulumiwa na ukurasa wa kumdhulumu vina maneno yaleyale, na vyote viwili vinatupwa.

Hapo ndipo jibu la "ongezeni data" linapoanza kuyumba. Unaweza kuongeza kurasa upendavyo. Kama chujio ni lilelile, zitakazopita ni zilezile.

Data sahihi, jibu baya

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ziad Obermeyer na wenzake kuhusu programu iliyotumika katika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wanaohitaji uangalizi wa ziada. Haikuulizwa rangi ya mtu, na kumbukumbu ilizotumia hazikuwa zimechezewa. Lakini kwa wagonjwa Weusi na Wazungu waliopewa alama sawa, Weusi walikuwa wagonjwa zaidi kwa kiasi kikubwa.

Chanzo kilikuwa swali lenyewe. Waundaji walitaka kujua nani ana shida kubwa ya kiafya, na kwa kuwa shida ya kiafya haina safu yake katika jedwali, wakatabiri kitu chenye safu: gharama za matibabu. Mgonjwa sana hutumia fedha nyingi, walifikiri. Kumbe Marekani mgonjwa Mweusi hutumiwa fedha kidogo kuliko Mzungu mwenye ugonjwa uleule, kwa sababu hafikiwi na huduma kwa kiwango kilekile. Mashine ilitabiri gharama vizuri kabisa. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikirekebishwa, idadi ya Weusi kati ya wanaopata msaada wa ziada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Amazon nayo ilipita njia hiyo. Shirika la habari la Reuters liliripoti 2018 kwamba kampuni hiyo iliachana na programu ya kupanga maombi ya kazi baada ya kugundua kuwa inawashusha wanawake. Ilijifunza kutokana na maombi ya miaka 10, mengi ya wanaume.

Pande mbili, zote zina hesabu sahihi

Mfano ambao ningemtaka kila mbishi ausome kabla ya kufungua kinywa ni wa COMPAS, programu inayotumika katika mahakama za Marekani kukadiria kama mshtakiwa atafanya kosa tena. Mei 2016 waandishi wa ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi, walichambua alama za watu zaidi ya 7,000 waliokamatwa katika kaunti ya Broward, Florida, mwaka 2013 na 2014. Kati ya Weusi ambao hawakurudia kosa, asilimia 44.9 walikuwa wamewekwa kundi la hatari. Kwa Wazungu ni asilimia 23.5. Kampuni iliyoitengeneza, Northpointe, ikajibu kwa takwimu zake: kati ya waliopewa alama ya hatari, idadi ya waliorudia kosa ilikaribiana kwa Weusi na kwa Wazungu, kwa hiyo alama ina maana moja kwa wote.

Nani alidanganya? Hakuna. Tuchukue mfano wa kubuni tuone. Kundi la kwanza lina watu 100, na 50 kati yao watakamatwa tena. Kundi la pili nalo lina 100, ila watakaokamatwa tena ni 20. Programu inaweka watu 60 wa kundi la kwanza kwenye hatari, na 36 kati yao wanakamatwa kweli. Kundi la pili inaweka 20, na 12 wanakamatwa. Kote kuwili ni asilimia 60. Northpointe wangepiga makofi.

Geuza swali sasa, uwaulize wasio na hatia. Kundi la kwanza lina watu 50 ambao hawakukamatwa tena, na 24 kati yao waliitwa hatari: asilimia 48. Kundi la pili lina watu 80 wa namna hiyo, na walioitwa hatari ni 8: asilimia 10. ProPublica wangeandika kichwa cha habari. Programu ni ileile, na namba ni zilezile.

Wanahisabati walionyesha muda mfupi baadaye kwamba hili si bahati mbaya inayoweza kusawazishwa kwa ujanja. Pale viwango vya msingi vya makundi mawili, yaani sehemu ya watakaokamatwa tena katika kila kundi, vinapotofautiana, haiwezekani kutimiza aina hizi za haki zote kwa pamoja, isipokuwa mashine iwe inatabiri bila kukosea kabisa. Ni lazima mtu achague kosa lipi linavumilika na limwangukie nani. Uchaguzi huo ni wa sheria na siasa, hata ukifanywa na mhandisi asiyejua kwamba anaufanya. Tena kipimo chenyewe kina doa: kinachohesabiwa ni kukamatwa, na watu hukamatwa zaidi pale polisi wanapopiga doria zaidi.

Mkono wa mwisho

Hadi hapa nimezungumzia yanayotokea kabla modeli haijaanza kuongea. Modeli ya mazungumzo hupitia hatua nyingine mbili: kwanza binadamu hupima majibu yake na kuifundisha lipi ni zuri, kisha kampuni huiandikia maagizo ambayo mtumiaji haoni.

Wapimaji hao wana ladha zao. Watafiti wa Stanford walipolinganisha majibu ya modeli na kura za maoni za Wamarekani mwaka 2023, waliona kwamba modeli zilizopitishwa kwa wapimaji zilisogea karibu na mitazamo ya watu wasomi na wenye mrengo wa kiliberali, huku wazee wa miaka 65 na zaidi, na wajane, wakiwa hawawakilishwi vizuri. Malalamiko ya wahafidhina kwamba modeli hizi haziwatendei haki hayatoki hewani tu. Lakini upimaji wa siasa za mashine ni kazi yenye mitego. Tafiti nyingi huipa modeli dodoso la kuchagua kati ya kukubali na kukataa; utafiti mmoja wa 2024 ulionyesha kwamba ukiiacha ijibu kwa maneno yake yenyewe, msimamo hubadilika, na hata kubadilisha kidogo namna ya kuuliza huugeuza. Picha ya skrini yenye jibu moja la kukera haithibitishi chochote, iwe imewekwa na mtu wa kulia au wa kushoto.

Maagizo ya siri ni rahisi zaidi kuyaona yanapokwenda mrama. Februari 2024 Google ilisimamisha Gemini, modeli yake ya mazungumzo, kutengeneza picha za watu baada ya kuchora wanajeshi wa Ujerumani wa 1943 wakiwa Waafrika na Waasia. Mtambo ulikuwa umesukumwa kuonyesha watu wa kila aina, bila kutofautisha ombi la "daktari" na ombi la kipindi cha historia ambacho kila mtu anakijua. Ilikuwa dawa ya ugonjwa halisi, ikanyweshwa wote bila kupima. Mei 2025 Grok, modeli ya mazungumzo ya kampuni ya xAI, ilianza kuingiza habari za "mauaji ya kimbari ya Wazungu" wa Afrika Kusini hata kwa walioulizia mambo mengine kabisa. Kampuni ilieleza kwamba mtu alibadilisha maagizo bila idhini. Na DeepSeek ya China ilipopata umaarufu Januari 2025, watumiaji waligundua mara moja kwamba haitaki kuzungumzia yaliyotokea Tiananmen, uwanja wa Beijing ambako jeshi lilizima maandamano kwa risasi, mwaka 1989.

Serikali nazo zimeingia uwanjani. China inazitaka modeli zinazohudumia umma ziakisi maadili ya ujamaa. Julai 2025 Rais Donald Trump alisaini amri inayotaka modeli zinazonunuliwa na serikali kuu ya Marekani zisiegemee itikadi yoyote, na amri hiyohiyo ikataja kwa jina mawazo ambayo haiyataki. Sioni jinsi ya kuita hilo kutoegemea upande. Umoja wa Ulaya umechukua njia ya taratibu zaidi: sheria yake, iliyopata nguvu ya kisheria Agosti 1, 2024 na kutekelezwa kwa awamu, inapanga matumizi kwa viwango vya hatari, na kudai data ya mifumo ya hatari kubwa ikaguliwe.

Kuna upendeleo mwingine ambao hauna kambi ya kuulalamikia, kwa kuwa unampendelea anayeuliza. Watu hutoa alama za juu kwa majibu yanayokubaliana nao, na mashine inayofunzwa kwa alama hizo hujifunza kusifu. Aprili 2025 OpenAI ililazimika kurudisha nyuma toleo jipya la GPT-4o, modeli iliyoendesha ChatGPT, siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa linabembeleza kupita kiasi, hata mawazo ya hovyo likiyasifia. Ukitaka kuliona hili mwenyewe, chukua mgogoro wowote, uuelezee ukijifanya wa upande mmoja, kisha fungua mazungumzo mapya uuelezee ukiwa wa upande wa pili. Soma majibu yote mawili kwa pamoja. Huo ni mtihani bora kuliko kuiuliza mashine kama ina upendeleo, maana jibu la swali hilo nalo limefundishwa.

Je, kupima kunasaidia? Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Gebru huyohuyo walizijaribu programu tatu za kutambua jinsia kwa sura, za Microsoft, IBM na Face++, kwa picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Kwa ujumla programu zilionekana nzuri. Zilipotenganishwa kwa makundi, wanaume weupe walikosewa kwa asilimia 0.8 tu hata na programu iliyofanya vibaya zaidi kwao, wakati wanawake weusi walikosewa hadi asilimia 34.7. Marudio ya jaribio, yaliyochapishwa 2019, yalikuta kwamba kampuni zote tatu zilikuwa zimepunguza makosa kwa wanawake weusi kwa kiasi kikubwa. Amazon, ambayo haikuguswa katika duru ya kwanza, ilikutwa ikiwakosea kwa zaidi ya asilimia 31.

LeCun angeweza kusema: mnaona, data imeongezwa na tatizo limepungua. Ila mjadala haukuishia kwenye usahihi. Juni 2020, mwezi uleule wa picha ya Obama, IBM ilitangaza kuacha kuuza teknolojia ya jumla ya utambuzi wa sura, na Amazon ikasitisha polisi kuitumia yake. Hakuna aliyedai kwamba mashine zilikuwa zimeshindwa kuboreka. Swali lilikuwa limehama: programu inayomtambua kila mtu kwa usahihi ulio sawa, akabidhiwe nani, na amtafute nani nayo?